Mistari ya Njiani

Kwa misimu mingi nilikuwa na shamba lenye nyuso mbili, na uso mbaya ndio niliouonyesha watu. Ukipita barabara ya vumbi inayokwenda msikitini, hapa kwetu Kang'ata, ungeona mkono wa kushoto mistari ya mahindi ya njano, membamba, majani yamejikunja kama mtu aliyeamka na homa. Ungesikitika. Wengi walisikitika, wakanipa pole, nami nikawajibu kwamba tushapoa, ni udongo tu umechoka. Nyuma ya mistari hiyo, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki, mahindi yalikuwa ya kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, na katikati yake zimesimama mbaazi zilizonizidi kimo. Sikuwa mvivu, wala sikuwa na dawa. Ile mistari ya njiani niliinyima chakula makusudi, na nilifanya hivyo kwa moyo mkunjufu kabisa.

Nilizaliwa Kwashemshi, upande wa Korogwe, ambako mama yangu hakumwaga hata majivu bila kufikiria mgomba upi una njaa. Maganda, mabaki ya jikoni, mavi ya mbuzi, kila kitu kilikuwa na shimo lake. Nilipoolewa Kang'ata nikakuta watu wanachoma mashamba kabla ya mvua. Moto unakula mabua, moshi unapanda juu, na rutuba inapanda nao. Nikamwambia mama mkwe kwamba kwetu tunalisha ardhi. Akanitazama kwa huruma, akasema huku Uziguani ardhi ni kubwa, ikichoka unaiacha unahamia nyingine, na kwamba sisi Wasambaa tunabembeleza udongo kwa sababu tumebanana milimani kama kuku kwenye tenga. Kwa zama zake alikuwa na haki. Kwa zama zangu, ile nyingine ya kuhamia ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Mume wangu ni fundi mwashi. Kazi zake nyingi ziko Korogwe mjini, na anarudi nyumbani anaporudi. Shamba tulilolima halikuwa letu, lilikuwa la mjomba wake, kaka wa mama mkwe, mzee mwenye mashamba mengi kuliko nguvu za kuyalima, kanzu iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na mwavuli anaoubeba hata kiangazi. Mjomba alijali sana watu wanasema nini. Angeweza kuvumilia jino linalouma, lakini si minong'ono ya watu wanaotoka kuswali.

Alituazima shamba bila kodi, kwa masharti ya kawaida ya huku. Usijenge. Usipande mti. Ukivuna, mpelekee mwenyewe kikapu cha heshima. Sharti la mti ndilo kubwa kuliko yote. Mahindi yanakuja na kuondoka, hayadai kitu. Lakini mchungwa au mwembe ukishika mizizi, na aliyeupanda ameshika naye. Siku ya ugomvi atasimama mbele ya wazee aseme mti wangu ule pale, na hapatakuwa na wa kumtoa. Ndiyo maana mwenye shamba akikukuta na mche mkononi kwenye ardhi yake, moyo wake unaenda mbio kana kwamba umeshika panga.

Mjomba alikuwa na mtoto wa kiume, mwenye kibanda cha vifaa vya simu karibu na stendi ya mabasi ya Korogwe. Kwa mume wangu huyo ni binamu, kwa hiyo ni mtani. Kwangu ni shemeji, kwa hiyo ni mtani tena. Utani ni kitu kizuri mpaka mtu auvae ili kusema kweli. Kila alipokuja kijijini aliniambia nimtunzie shamba lake vizuri, siku yoyote anakuja kulichukua, na mimi mwenyewe atanichukua humo humo pamoja na majembe. Sote tulicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Nilikuwa na sababu. Tulikuwa na jirani, mke na mume, watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, waliohamia huku baada ya kazi za mkonge kupungua. Mjomba aliwaazima kipande cha mteremko. Walikuwa wachapakazi wa kuudhi. Walisomba samadi, wakachimba makinga maji, wakaacha kuchoma mabua, na baada ya misimu michache mahindi yao yalikuwa yanasimamisha waendesha bodaboda. Shemeji yangu naye akasimama. Mwezi huo huo mjomba akakumbuka kwamba kijana wake anahitaji pa kulima. Jirani wakaondoka na majembe yao, na shemeji akalilima shamba lile kwa simu kutoka Korogwe: leo anapiga kuuliza kama wameshapalilia, kesho anapiga kuuliza kwa nini hawajapalilia. Hadi sasa lina upupu.

Kitongoji kizima kilisoma somo hilo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na shamba la kuazima, tulikubaliana bila kikao, halinenepeshwi.

Mtu pekee ambaye hakuambiwa ni bwana shamba. Alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye pikipiki ya serikali na subira ya ajabu. Alituita kwenye semina, akatueleza habari za samadi, mboji, kutochoma mabua, kuchanganya mahindi na jamii ya kunde. Tukamsikiliza vizuri, tukanywa soda, tukasema tumeelewa. Msimu uliofuata akapita akakuta moshi. Akaturudisha kwenye semina na kutuuliza tunapungukiwa nini hasa: ni elimu, ni mtaji, au ni nguvukazi? Tukatazamana. Mama mmoja akasema elimu, kwa sababu ndilo jibu linaloleta semina nyingine, na semina ina soda. Hakuuliza shamba ni la nani. Angeuliza hilo, tatizo lingejulikana kabla soda hazijaisha, maana wenye mashamba nao walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Mimi nilitoka kwenye semina ile na hasira. Sikumkasirikia yeye, nilikasirikia mahindi yangu. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na kila mwaka gunia lilikuwa linapungua. Kila aliloeleza bwana shamba nilikuwa nalijua tangu kwa mama yangu. Nilijua dawa, na nilikuwa naogopa kupona. Ndipo siku moja, nikipalilia upande wa barabarani, nikamwona mjomba anapita na mwavuli wake kwenda kuswali. Akasimama, akatazama mistari ile ya mwanzo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikajiuliza: huyu mzee ameona nini? Ameona mistari ya njiani. Shamba lote lililobaki, kwake yeye, ni habari ya kusimuliwa.

Basi nikagawa shamba. Mbele nikamwachia mjomba. Ndani nikachukua mimi.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na boma la mama mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa akinunua mahindi mabichi kwangu. Kwenye zizi lake samadi ilikuwa imerundikana miaka na miaka, imekauka, imekuwa nyeusi na laini kama kahawa iliyotwangwa. Nikamwomba. Akanicheka kwanza kwa Kimaasai, kisha akanicheka kwa Kiswahili ili nielewe. Tukakubaliana: mimi nichukue samadi, yeye achukue mabua baada ya mavuno kwa ajili ya ndama wake kiangazi. Viroba vilibebwa na punda wake, kwa njia ya korongoni, tukiingilia nyuma ya shamba. Aliyetuona na kuuliza niliambiwa nimjibu kwamba ni mambo ya wanawake, na hilo lilitosha. Mama huyo, ambaye sasa alikuwa rafiki yangu, ndiye aliyenifundisha jibu hilo. Alisema linafanya kazi kwa wanaume wa makabila yote.

Katikati ya mahindi nikapanda mbaazi. Mbaazi ina tabia nzuri: ukiivuna bila kuing'oa inachipua tena, na majani yake yanadondoka chini na kuwa mbolea bila mtu kuyabeba. Ndani ya misimu kadhaa udongo wangu wa ndani ukabadilika rangi, ukawa unashika maji, na jembe likawa linazama kabla sijalisukuma. Nilifurahi mpaka nikawa naimba peke yangu. Kisha nikitokeza barabarani ninakunja uso na kushika kiuno.

Kikapu cha heshima nacho nilikishughulikia kwa uangalifu. Nilikijaza mahindi ya mistari ile ile ya njiani. Sikumdanganya mjomba. Yalikuwa mahindi ya shamba lake.

Shida ni kwamba mahindi unaweza kuyaficha yakiwa shambani, ila magunia hayafichiki. Wanawake wenzangu waliona yanavyoingia nyumbani kwangu, wakaona na mistari ya njano, wakapiga hesabu ikakataa. Mmoja akaja kuazima ungo, akakaa, akaniuliza. Nikamweleza, nikamwambia asimwambie mtu. Wa pili nikamweleza hivyo hivyo. Huku kwetu hakuna tangazo linalokwenda haraka kama hilo. Bwana shamba angejua, angeacha semina, akawa anamnong'oneza mtu mmoja tu na kumwapisha asiseme.

Msimu uliofuata punda wa korongoni wakawa wengi. Kila mwenye shamba la kuazima alikuwa analisha ndani na kukausha nje. Wengine walizidisha. Kuna mama mmoja aliyekuwa na shamba lake mwenyewe la urithi, hana wa kumwogopa, naye akaacha njano mbele kwa sababu aliamini kuwa hiyo njano ni sehemu ya dawa. Nilijaribu kumweleza, akaniambia nisimfiche. Matokeo yake, ukipita barabara ya kwetu wakati wa masika, ungedhani tumepigwa na laana kuanzia kwenye kalvati hadi msikitini. Nyuma ya laana hiyo tulikuwa tunashiba.

Sasa njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho siku ya mkutano wa kijiji. Bwana shamba alikuja na mgeni kutoka wilayani. Walikuwa wamepita barabara hiyo kwa gari, vioo juu kwa ajili ya vumbi. Mgeni akasimama mbele yetu akasema ameumia sana, hajawahi kuona udongo uliokufa namna ile, na akatoa mfano wa shamba la kwanza baada ya kalvati, ndilo hilo nililolima mimi. Wala hakutaja mtu. Hakuhitaji. Watu wote wakageuka kumtazama mjomba, aliyekuwa amekaa mbele na mwavuli wake kati ya magoti. Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi ambacho si cha kifua. Bwana shamba akainamisha kichwa, na mjomba akakunja na kukunjua pindo la kanzu yake mpaka mkutano ukaisha.

Kesho yake shemeji akanipigia simu kutoka Korogwe. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mvua. Hakunitania hata kidogo, na nikajua mambo yameharibika. Kisha akasema baba yake amekasirika. Tumemuulia shamba. Ijumaa baada ya swala atakuja na wazee wawili kuliona kwa macho yao, na baada ya mavuno tulirudishe.

Nilikaa kwenye kigoda jikoni. Nilikuwa nimetega mtego nikanaswa mwenyewe. Nikimwonyesha njano, ananyang'anya kwa sababu nimeharibu. Nikimwonyesha kijani, ananyang'anya kwa sababu nimetengeneza, kama alivyowafanyia jirani. Nikampigia mume wangu, akasikiliza, akasema mimi ndiye mwenye akili nyingi nyumbani, atakubaliana na nitakaloamua. Ukiolewa na fundi mwashi utayazoea maneno ya namna hiyo. Kuta zake zimenyooka, lakini ushauri wake unahitaji kuegemezwa.

Nikafanya jambo la kijinga. Nikakimbilia kwa rafiki yangu ng'ambo ya korongo, nikabeba samadi mbichi ya siku ile ile, bado ina moto wake, nikaimwaga kwenye mistari ya njiani ili ipate rangi kabla ya Ijumaa. Mtu aliyekulia Kwashemshi anajua kwamba samadi mbichi inaunguza. Nilijua, lakini hofu haina kumbukumbu. Ijumaa ilipofika, mistari ya mjomba haikuwa ya njano tena. Ilikuwa ya kahawia, na inanuka.

Walikuja wanne: mjomba chini ya mwavuli, wazee wawili, na shemeji aliyevaa viatu vyeupe vya mjini. Nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba, mkwe," akasema. Akagusa bua moja kwa ncha ya mwavuli, likaanguka lenyewe. Wazee wakatazama pembeni. Nilisikia aibu mpaka masikioni, na chini ya aibu ile kulikuwa na uchungu, maana nyuma ya lile bua lililoanguka kulikuwa na kazi ya mikono yangu yote. Nikaona heri ninyang'anywe kwa kizuri kuliko kunyang'anywa kwa kibaya. Nikamkaribisha ndani.

Mjomba hakusogea. Shemeji ndiye aliyeingia. Alipita mistari ya kahawia akiwa ameziba pua, akapita michache ya njano, kisha mahindi yakamfunika. Hatukumwona tena. Tuliona vichwa vya mahindi vikitikisika mahali alipo. Halafu sauti ikatoka katikati ya shamba.

"Baba, humu kuna msitu. Amepanda miti, baba. Miti mirefu kuliko mimi."

Neno hilo mbele ya wazee si dogo. Lakini lilitoka kwa mtani, na mtani anajibiwa kwa utani. Nikapaza sauti.

"Shemeji, huo mti juzi si uliula nyumbani kwangu, umeungwa kwa nazi, ukaomba na sufuria? Leo umekuwa mti?"

Mzee mmoja akacheka kabla hajajizuia. Mwenzake akasema kwa sauti ya hukumu kwamba mbaazi ni mboga, hata ikisimama miaka. Shemeji akatokeza, shati limejaa majani, viatu vyeupe vimekuwa na habari nyingine. Akaanza kumweleza baba yake ukubwa wa mahindi, akionyesha kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Mjomba akainua mkono, akamnyamazisha. Kisha akaniuliza mimi, bila kunitazama usoni.

"Mkwe, ndani kukoje?"

"Ndani kumenona, mjomba."

"Na huku nje?"

"Huku nje nimekuwekea wewe."

"Kwa nini?"

"Niliogopa ukiliona zuri utalikumbuka."

Wazee walikuwa wanajua habari za jirani, na mjomba alijua kwamba wanajua. Alitazama ng'ambo ya barabara, kule mteremkoni kwenye upupu wa kijana wake, akatazama kwa muda mrefu. Nilidhani sasa atasema tuondoke leo leo.

"Miaka yote nimepita hapa," akasema. "Umewahi kuniona nikiingia?"

"Hapana, mjomba."

"Mimi ni mkwe wako. Umeona wapi mkwe anaingia chumbani?"

Heshima hiyo niliijua vizuri. Nyumbani kwangu mjomba huishia sebuleni, na hata mvua ikinyesha hasogei karibu na pazia la chumbani. Kumbe na shambani alikuwa anaishia hapo hapo, kwa sababu jembe la humo ndani ni la mke wa mpwa wake. Misimu yote ile nilikuwa namfichia mtu ambaye adabu ilikuwa imeshamfunga macho.

"Ndani ni kwako," akaendelea, akiwatazama wazee ili wasikie. "Sijui kuna nini, na sitaki kuambiwa." Hapo alimtupia jicho mwanawe. "Lakini hapa njiani ni barazani, na baraza ni langu. Baraza hili linanitia aibu mbele ya watu. Nalichukua."

Shemeji hakuelewa. "Sasa mimi nachukua lipi, baba?"

"Wewe utachukua kiroba. Muulize shemeji yako samadi inapatikana wapi."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, na kwa kuwa mkwe hafanyi lolote kati ya hayo mbele ya mkwewe, nikapiga goti tena na kushukuru. Usiniulize kama majirani walirudishiwa mteremko wao. Hawakurudishiwa. Wao hawakuwa wakwe wa mtu huku, na hilo bado linaniuma kila nikipita pale.

Mavuno yalipokwisha, mjomba akaanza kuilisha mistari yake ya njiani kwa ukali wa mtu anayelipiza kisasi. Shemeji alikuwa anatoka Korogwe kubeba viroba, anatukana njia nzima, nami namtukana vilivyo, utani ukarudi mahali pake. Rafiki yangu wa ng'ambo ya korongo alimpa punda mmoja tu, yule mkaidi. Masika yaliyofuata mistari ya njiani ilikuwa mizuri kuliko ya kwangu ya ndani, na ninakubali hilo kwa shida. Mjomba alianza kutoka mapema kwenda kuswali ili apate muda wa kusimama.

Hapo ndipo mambo yakageuka. Wenye mashamba wengine walipita, wakaona, wakarudi kwenye ya kwao wakaona njano. Hawakukaa semina. Waliwauliza waliowaazima kwa nini barazani kwao kuko vile, na wengi wakapewa nafasi ya kueleza habari za ndani. Wengine walinyang'anywa, sitasema uongo. Lakini wengi waliachwa, kwa sababu mjomba alikuwa ameshatoa mfano, na hakuna aliyetaka kusikika msikitini kwamba adabu yake ni ndogo kuliko ya mjomba. Bwana shamba akaja akapiga picha mistari ya njiani, mjomba kasimama katikati na mwavuli. Alituambia amefurahi kuona semina zimezaa matunda. Tulimpigia makofi, maana ni kijana mzuri, na soda zilikuwa zimeshafunguliwa.

Vuli ilipokaribia, Ijumaa moja, nilikuwa napanda karibu na barabara nikasikia kikohozi cha adabu. Mjomba alikuwa amesimama ng'ambo ya mistari yake, kanzu nyeupe, mwavuli kwapani. Mkononi alishika kifuko cheusi cha plastiki, na kwenye kifuko kulikuwa na mche wenye majani machache yanayong'aa.

"Niliununua mnadani," akasema. "Nyumbani umekosa nafasi."

Nyumbani kwake pana nafasi ya kuchezea mpira. Nikautazama mche, nikamtazama yeye.

"Mjomba, huu ni mchungwa."

"Macho ninayo." Akaunyoosha juu ya mistari yake mpaka nikaupokea. "Upande ndani. Mimi siingii."

Akafungua mwavuli, ingawa jua lilikuwa halijawa kali, akaenda zake kuswali. Nililia pale pale, nimeshika kile kifuko kama mtoto mchanga, na sikujali nani anapita. Kisha nikachimba shimo katikati ya shamba, refu hadi kwenye goti, nikatuma ujumbe ng'ambo ya korongo kwamba nahitaji samadi iliyoiva vizuri. Rafiki yangu akauliza punda wapite wapi. Siku hiyo punda walipita njia ya mbele.